Picha ya skana imekaa upande: pima kwanza, zungusha mara moja

Swali limetoka kwa dada mwenye steshenari Tabata, Dar es Salaam:

"Shikamoo mwalimu. Wateja wananiletea picha za zamani za familia na vyeti niwaskanie. Nyingi zinatoka zimekaa upande. Nikizinyoosha kwenye kompyuta nazungusha kidogo kidogo mpaka jicho liridhike, lakini mwisho wake picha inakuwa na ukungu, na nikikata kingo, watu wa pembeni wanakatika. Mteja mmoja amenirudishia picha ya marehemu baba yake akiwa mbele ya sanamu ya Askari, anasema nimeiharibu. Natumia GIMP. Je, ndiyo mbovu, ninunue Photoshop? Na hizi nyaraka wanazopiga kwa simu na kunitumia WhatsApp, mbona hata nikizizungusha hazinyooki?"

Marahaba, dada yangu. Usinunue kitu kwanza. GIMP, hiyo programu yako ya bure ya kuhariri picha, haina kosa hapo. Ukungu umetokana na hilo ulilolieleza mwenyewe: kuzungusha kidogo kidogo.

Picha iliyoskaniwa ni vijiraba vya rangi, yaani pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu. Ukiigeuza digrii 90 kamili, kila kijiraba kinahamia nafasi nyingine kikiwa kizima. Ukiigeuza digrii 1.3, hakuna kijiraba kinachoangukia sawasawa kwenye nafasi mpya, kwa hiyo programu inakokotoa rangi ya kila nafasi kwa kuchanganya rangi za jirani zake. Mchanganyo huo unalegeza vitu vyenye kingo kali: kope, nywele, herufi ndogo za muhuri. Ukifanya mara moja, hasara ni ndogo kiasi kwamba mteja hataiona. Ukifanya mara tano, kila mara unachanganya kilichokwisha kuchanganywa. Na kama kila hatua unahifadhi kwa JPEG, aina ya faili inayobana picha ili iwe nyepesi, unafunga, kesho unafungua na kuendelea, basi JPEG nayo inapunguza chake kila unapohifadhi.

Kwa hiyo kanuni yangu, nayo naishikilia hata kazi ikiwa nyingi: picha inazungushwa mara moja tu, kutoka kwenye skani ya awali. Matokeo yasipokuridhisha, rudi nyuma kwa Ctrl+Z mpaka kwenye skani yenyewe, kisha uweke pembe mpya. Usizungushe kilichozungushwa. Kuburuta picha huku na huku kabla hujathibitisha hakuna madhara, maana hapo programu inakuonyesha tu itakavyokuwa. Kinachohesabika ni kila unapobonyeza kukubali.

Ili uzungushe mara moja, lazima uijue pembe kabla ya kuzungusha. Hapo ndipo jicho linapaswa kuiachia rula. Kwenye GIMP bonyeza Shift+M, utapata kifaa cha kupimia. Bofya mwanzo wa kitu unachojua kilipaswa kuwa kimenyooka, buruta mpaka mwisho wake, uachie. Chini ya dirisha utasoma urefu wa mstari na pembe yake. Kuanzia toleo la 2.10.4 la mwaka 2018, kifaa hicho kina kitufe kilichoandikwa "Straighten". Ukikibofya, picha inazungushwa kwa pembe hiyohiyo uliyoipima. Kama toleo lako ni la zamani kuliko hilo, pakua jipya, ni bure. Kabla ya kubofya, angalia mambo mawili kwenye mipangilio ya kifaa. Palipoandikwa "Interpolation" chagua "Cubic" au "NoHalo", usiache "None", maana hiyo ndiyo inayotoa kingo zenye meno kama msumeno. Palipoandikwa "Clipping" acha "Adjust", ili kisikatwe chochote. Ukimaliza, nenda menyu ya "Image" ubofye "Fit Canvas to Layers", ili turubai itanuke na kuonyesha pembe zote za picha.

Mstari wa kupimia uwe mrefu kadiri inavyowezekana. Chukulia mkono wako umekosea pikseli 2 tu ulipobofya. Kwenye mstari wa pikseli 200, kosa hilo ni zaidi ya nusu digrii. Kwenye mstari wa pikseli 2000, ni sehemu moja ya kumi ya hapo, na hakuna atakayeliona. Nusu digrii inaonekana ndogo ukiitamka, lakini karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa dpi 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, ina upana wa pikseli 2480, na nusu digrii inaushusha mstari kwa pikseli 22 hivi kutoka kushoto hadi kulia. Kwenye karatasi yenyewe hiyo ni karibu milimita 2. Jedwali la matokeo lililoshuka milimita 2 linaonekana tangu mlangoni. Kwa hiyo ukikivuta kipimo kwenye cheti, usikomee kwenye neno moja. Anza herufi ya kwanza ya mstari mrefu, umalizie herufi ya mwisho, na ufuate kitako cha herufi, si vichwa vyake.

Sasa swali gumu kuliko la vitufe: upime nini? Kwenye cheti ni rahisi, kuna mistari. Kwenye picha ya familia, programu yoyote, ya bure au ya kulipia, haijui kipi kilipaswa kunyooka. Wewe ndiye unayejua, na hapa ndipo kazi ya fundi inapotofautiana na kazi ya mashine.

Upeo wa bahari ni kipimo kizuri kuliko vyote. Picha iliyopigwa Coco Beach, mahali maji ya Bahari ya Hindi yanapokutana na mbingu bila kitu katikati, ipime hapo na usitafute pengine. Lakini picha iliyopigwa Magogoni watu wakisubiri pantoni ni habari nyingine. Unachokiona ng'ambo ni ufuko wa Kigamboni, si upeo, na ufuko unaokwenda ukikaribia upande mmoja na kuachana upande wa pili utaonekana umeinama hata kamera ikiwa imeshikwa sawasawa. Ukiunyoosha huo, utawalaza watu. Hapo tafuta kitu kilichosimama wima: nguzo ya taa, mwimo wa mlango, kona ya ukuta. Mnazi usiutumie kamwe. Mlingoti wa jahazi nao usiutumie, umejengwa ukiwa umeegemea mbele. Binadamu pia hapimiki, kwa sababu anayepigwa picha huegemea mguu mmoja.

Na hata hicho kilichosimama wima, kichague karibu na katikati ya picha. Mpiga picha akiinua kamera kidogo ili apate jengo lote, kuta za kushoto na kulia huelekeana juu kama zinataka kukutana. Hiyo ni tabia ya lenzi iliyoinuliwa, haina uhusiano na skana yako. Ukipima ukuta wa kushoto peke yake ukaunyoosha, wa kulia utalala mara mbili. Pima yote miwili, uchukue wastani.

Hivyo ndivyo ningeishughulikia picha ya yule marehemu mzee. Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya jiji tangu 1927, ina mtego wake: askari mwenyewe ameinama mbele na bunduki yenye singe imelala, kwa hiyo hakuna hata kipande chake cha shaba kinachofaa kupimia. Nenda kwenye msingi wake wa mawe. Pima ukingo wa kushoto, uandike. Pima ukingo wa kulia, uandike. Tuseme wa kushoto unaegemea kulia digrii 2.4 na wa kulia unaegemea kulia digrii 0.6, wastani ni 1.5. Bonyeza Shift+R, andika -1.5 kwenye nafasi ya pembe, kwa kuwa GIMP huzungusha kwa mwendo wa saa ukiandika namba isiyo na alama ya kutoa, nawe hapa unataka kinyume chake. Thibitisha mara moja. Basi. Ila kabla ya yote hayo mwombe mteja akuletee tena nakala ya karatasi uiskani upya, maana hiyo uliyonayo ilishazungushwa mara nyingi na hakuna kitufe cha kurudisha kilichopotea.

Kuhusu watu wa pembeni kukatika, tatizo linaanzia kwenye kioo cha skana kabla hujagusa kompyuta. Naamini unaweka picha, unabonyeza kuonyesha awali, kisha unavuta kisanduku cha kuskani kinachobana kingo za picha kabisa. Ukifanya hivyo halafu ukazungusha, pembe nne za picha zinatoka nje ya mstatili na lazima ukate. Fanya hesabu: picha ya postikadi, inchi 4 kwa 6, kwa dpi 600 ni pikseli 2400 kwa 3600. Ukiizungusha digrii 2 na kukata mabaki, upana unapoteza pikseli 126 hivi, ambazo ni zaidi ya milimita 5 za karatasi. Kwenye picha ya harusi ambako wajomba wamebanana mpaka ukingoni, milimita 5 ni bega zima la mtu.

Acha nafasi. Vuta kisanduku kipite kingo za picha kwa sentimita moja kila upande. Weka karatasi nyeusi juu ya picha kabla ya kufunga mfuniko. Itafanya kingo za picha zionekane wazi, na maandishi ya nyuma hayatapenya. Kisha zungusha skani nzima pamoja na weusi unaoizunguka. Kingo za picha zikishanyooka, kata kwa kuzifuata zenyewe, na hutapoteza mtu hata mmoja.

Kuna wakati karatasi imenyooka lakini kilichomo ndani kimelala, kwa sababu aliyeshika kamera miaka hiyo aliishika upande. Hapa sina msimamo mmoja, na sioni aibu kuwaambia wateja hivyo. Kwa nakala ya kumbukumbu, nanyoosha karatasi na kuiacha picha ilivyo, pamoja na ukingo wake mweupe, hata kama umekatwa kwa mawimbi kama zile za zamani sana. Kwa nakala ya kutundika ukutani, nakata ukingo mweupe kwanza, kisha nanyoosha kilichomo, na namwonyesha mteja nini kitapotea pembeni kabla sijachapa. Kunyoosha kilichomo huku ukingo mweupe umebaki ni kosa linaloonekana haraka, kwa sababu fremu nyeupe inalala badala ya picha.

Albamu zile zenye kurasa za gundi na plastiki juu zinahitaji uvumilivu. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu, picha zimeganda humo, na ukizing'oa kwa nguvu uso wa picha unabaki kwenye gundi. Skani ukurasa mzima, ila plastiki uifunue kama inafunuka kwa wepesi. Kisha usijaribu kunyoosha ukurasa: kila picha ilibandikwa kwa mkono na ina pembe yake. Nakili kila moja kwenye faili lake, ipime, izungushe peke yake.

Ili picha isikae upande tangu mwanzo, usiisukume mpaka kwenye ukingo wa plastiki unaozunguka kioo. Skana nyingi hazisomi milimita chache za pale mwanzoni, na ukingo huo wenyewe si lazima uwe sambamba na macho ya skana. Kata kipande cha manila chenye kona ya digrii 90, kiweke ndani kidogo, egemeza picha humo. Halafu shusha mfuniko taratibu. Picha nyepesi inasogezwa na upepo wa mfuniko ukiuachia, na utahangaika kutafuta kwa nini uliiweka sawa ikatoka upande. Skana hizi nyembamba za siku hizi zina kasoro nyingine: kitu kikiinuka kidogo juu ya kioo kinapoteza ukali. Picha iliyojikunja ilaze na kitabu kizito juu ya karatasi nyeusi.

Skani za watu ziwe dpi 600 hata kama utachapa kwa ukubwa uleule. Zungusha ikiwa 600, kisha ipunguze hadi 300, na ule ulegevu mdogo wa kuzungusha unamezwa na kupunguza. Mpangilio wa kazi ni huu: kunyoosha, kukata, mwanga na rangi, kupunguza, na kuongeza ukali mwisho kabisa. Ukiongeza ukali kabla ya kuzungusha, unazipa kingo utepe mweupe na kuuzungusha pamoja nazo. Skani ya awali ihifadhi kwa TIFF au PNG, aina za faili zisizopunguza picha kama JPEG, kwenye folda ambayo huigusi. JPEG iwe ya kumpa mteja.

Vyeti na nyaraka vina sheria tofauti kidogo. Usiskani kwa chaguo la nyeusi na nyeupe tupu, lile lisilo na kijivu. Hapo kila pikseli ni nyeusi au nyeupe, hakuna rangi ya katikati ya kuchanganya, na ukizungusha hata digrii moja herufi zinaota meno. Skani kwa kijivu au rangi, nyoosha, ndipo ugeuze kuwa nyeusi na nyeupe kama ni lazima. Kwa wale wanaokuja na rundo la vyeti vya kupakia kwenye maombi ya kazi au ya mkopo wa chuo, kuzipima moja moja kutakumaliza siku. Pakua NAPS2, ni bure: inaskani, inanyoosha yenyewe kwa kuangalia mistari ya maandishi, na kutoa PDF. Inafanya vizuri kwenye kurasa zilizojaa chapa. Kwenye ukurasa wenye mwandiko wa mkono, muhuri mkubwa na mistari michache, inaweza kudanganyika, kwa hiyo pitia kila ukurasa kwa macho kabla ya kuhifadhi. Vitabu vizima vipeleke kwenye Scan Tailor, nayo ya bure.

Ukikuta cheti ambacho mistari ya juu inalala digrii moja na ya chini imenyooka, acha kuhangaika na pembe. Karatasi iliteleza wakati inavutwa na kilishio cha juu cha skana, na hakuna pembe moja itakayoipatanisha. Irudie kwenye kioo. Na kwa nyaraka za serikali, kunyoosha, kukata kingo na kurekebisha mwanga ni kazi yako halali. Kufuta doa lililogusa muhuri au tarehe si kazi yako, hata mteja akiomba kwa upole.

Photoshop ingekusaidia mahali pamoja. Ina amri inayopatikana menyu ya "File", kisha "Automate", iitwayo "Crop and Straighten Photos": unapanga picha nne au tano kwenye kioo, ukiachia milimita 3 au zaidi kati yake, unaskani mara moja, nayo inazitenga na kunyoosha kila moja kwenye faili lake. Duka linalopokea albamu nzima kila siku litaokoa muda. Lakini inanyoosha kwa kufuata kingo za karatasi tu; bahari iliyolala ndani ya picha itaendelea kulala. Kama picha zako ni chache kwa siku, pesa hiyo nunulia taa nzuri na diski ya kuhifadhi.

Zimebaki zile za simu. Hazinyooki kwa sababu hazijazunguka. Mtu amesimama upande, akapiga cheti kilicho mezani, na upande ulio karibu naye ukatoka mpana kuliko wa mbali. Mstatili umekuwa kama tuta, mpana chini na mwembamba juu, na ukiuzungusha utapata tuta lililoelekea kwingine. Hapo bonyeza Shift+P kwenye GIMP, kifaa cha mtazamo. Kwenye "Direction" chagua "Corrective", kisha vuta kona nne za wavu zikae juu ya kona nne za cheti, uthibitishe. Programu itazisukuma hizo kona mpaka ziwe mstatili.

Lakini mstatili gani? Watu wengi wanaishia hapo, na cheti kinatoka kimenyooka ila kimekuwa kifupi au kimerefuka. Wewe unajua vipimo vya kweli: A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa dpi 300 pikseli 2480 kwa 3508. Kitambulisho cha Taifa kina ukubwa wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54. Baada ya kukata, badilisha ukubwa wa picha ufuate uwiano huo, ukifungua kile kifungo cha mnyororo kinachounganisha upana na urefu. Mihuri ya duara itakuambia kama umepatia: ikiwa yai, uwiano bado.

Mwambie mteja akutumie kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu WhatsApp inaibana picha kabla ya kuituma, na unachopokea kimeshapungua. Na kama karatasi ilikuwa na mikunjo au imebenuka mkononi, mistari ikapinda kama upinde, usipoteze jioni yako. Kona nne haziwezi kunyoosha mkunjo. Mpigie simu umwambie ailaze mezani karibu na dirisha, asimame juu yake, simu iwe sambamba na meza, na apige tena.